Karai Halifunikwi

Tok Jais alipanda ngazi za nyumba ya Napsiah siku ya Jumatano, baada ya sala ya alasiri, akiwa amelibeba mwenyewe sinia la tambuu. Hakumtuma mjukuu wala mkwe wa kumsemea. Alivipanda vidato saba kwa miguu yake ya miaka themanini na miwili, akapumzika kwenye kidato cha nne, na Napsiah, aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, alimwacha apumzike. Alikuwa ameingoja miguu hiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuona sababu ya kuipunguzia safari vidato vitatu vilivyobaki.

"Asalaam aleikum."

"Aleikum salaam. Pita, Tok. Mlango haujafungwa."

Mzee, ambaye kijiji kizima kilimwita Tok, yaani babu, alikaa mkekani, akalisukuma sinia mbele kidogo. Majani yalikuwa mabichi, yamepangwa moja juu ya jingine, popoo upande huu na chokaa upande ule. Katika kijiji chao, kama ilivyo katika vijiji vingi vya jimbo la Negeri Sembilan, mpishi wa karamu haajiriwi. Majirani wote huja kupika, kila mtu na kisu chake kiunoni, na mpishi mkuu ndiye huwagawia kazi. Na kazi aliyoigawa haikataliwi na mtu, awe imamu au mwenyekiti wa kijiji. Lakini mpishi mkuu huombwa. Mwenye harusi huja mwenyewe na tambuu. Mpishi akitafuna, amekubali. Akiligeuza sinia likaelekea mlangoni, amekataa, na hapo hakuna jirani atakayekuja kumenya hata kitunguu kimoja.

"Izyan wangu anaolewa Jumapili ya wiki ijayo," alisema Tok Jais. "Fahali wawili. Watu mia saba."

"Nimesikia."

"Halijah, mama yake, anakutaka wewe. Mimi nilimwambia wako wapishi wa kukodi mjini, wanakuja na lori lao na mahema yao, wanamaliza wanaondoka. Amelia siku mbili."

"Na wewe, Tok? Unamtaka nani?"

Mzee aliyatazama majani. "Nimekuja, huoni?"

"Naona. Sijauliza kama umekuja."

Kuku alipita chini ya sakafu ya mbao, akaparua vumbi, akaenda zake. Tok Jais alilisogeza sinia mbele tena, akasema, "Nakutaka wewe."

Napsiah alichukua jani moja, akalipaka chokaa polepole, akalikunja, akabaki amelishika. "Nina sharti. Jumamosi alasiri, tukipika nyama, usikae barazani na wageni. Ukae bandani, penye moshi, kama mwalimu wangu."

Neno hilo lilimwinua mzee macho. "Mwalimu? Mimi sikukufungua, Napsiah."

"Ndiyo maana nakutaka bandani. Bado ni mwanafunzi wako."

Akalitia jani kinywani, akatafuna.

*

Zamani Tok Jais alikuwa mpishi mkuu wa vijiji vitano. Hapakuwa na harusi wala akika iliyofanyika bila yeye, na hapakuwa na mtu aliyejua anachotia kwenye karai. Viungo alivichanganya nyuma ya shuka aliyoitundika kwenye kamba. Mwanafunzi aliyeuliza alitumwa kuchanja kuni. Napsiah alichanja kuni hizo tangu akiwa na miaka ishirini na miwili. Akakuna nazi, akakoroga, akapepea moto, akajifunza kwa pua yale ambayo macho yake yalinyimwa. Katika mwaka wa sita watu walianza kusema kwamba nyama aliyoikoroga Napsiah ina ladha zaidi kuliko ile aliyoikoroga Tok mwenyewe. Walisema mbele ya mzee, wakicheka. Mzee naye alicheka.

Ikaja harusi ya Kamsiah, mdogo wake Napsiah, mdogo wa pekee. Tok Jais alimkabidhi karai zima la nyama alipike peke yake, akamwahidi mbele ya watu kwamba kesho yake, wageni wakishakula, atachukua tambuu kutoka katika sinia la mwanafunzi wake na kumfungua. Maana mwanafunzi asiyefunguliwa na mwalimu hawezi kusimamia karamu kwa jina lake, wala hawezi kukataa amri ya mwalimu wake mbele ya karai. Napsiah alipika. Jioni, nyama ilipoiva na tui kukauka hadi mafuta yakajitenga, alimfuata mwalimu wake akamwuliza swali moja tu, kwa sababu hakuwahi kuachwa karibu na karai baada ya nyama kuiva.

"Mwalimu, nilifunike au niliache?"

"Funika," alisema Tok Jais. "Funika vizuri. Bana pembeni."

Alifunika. Alibana pembeni kwa kamba na mawe. Kesho yake saa sita mchana, vifuniko vilipoondolewa mbele ya wakwe, nyama ilikuwa imefanya povu, na harufu iliyotoka iliwafanya wanawake wazibe pua kwa mitandio. Wageni mia tatu na hamsini walikula wali na mayai ya kukaanga. Naye Tok Jais alisimama katikati ya banda, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akasema, "Nilimwambia aliache wazi. Hasikii huyu. Tena mkono wake ni mchachu."

Lilikuwa neno la msichana dhidi ya neno la mpishi wa vijiji vitano. Tangu siku ile aliitwa Mkono Mchachu. Lakini jina lake yeye aliweza kulibeba. Lililomshinda ni la Kamsiah, ambaye kwa wakwe zake, kila karamu iliyofika, aliulizwa kama dada yake amealikwa, na watu wakacheka. Kamsiah aliishi miaka kumi na tisa katika nyumba ile, akafa kwa homa ya mapafu. Katika miaka yote hiyo hakula tena chakula kilichopikwa na dada yake. Hakumkasirikia, alishindwa tu kumeza.

Napsiah alihama. Alipata kazi katika jiko la shule moja ya bweni ya wavulana huko Seremban, jiko lililoendeshwa kwa kengele, ambamo sufuria ilikuwa na namba yake na kila mtu alijua kosa lake kabla hajaulizwa. Mpishi mkuu wa pale alikuwa na desturi ya kueleza sababu ya kila jambo, kwa kelele. Katika wiki ya tatu Napsiah alishika kifuniko cha sufuria ya mchuzi wa nazi, akasikia nyuma yake, "We mama! Ukifunika ya moto, jasho linapanda, linagonga kifuniko, linarudi chini, tui linachacha! Hukufundishwa?"

Alikaa juu ya gunia la mchele. Mtu aliyepika kwa miaka thelathini hawezi kukosa kulijua jambo hilo. Alijua. Tok Jais alipokuwa akisema "bana pembeni," alijua.

Wengine wangerudi na panga. Napsiah alirudi baada ya miaka minane akiwa na ubao na kopo la rangi nyeupe. Aliutundika ubao katika banda la msikiti, akaandika kila kitu ambacho Tok Jais alikificha nyuma ya shuka: manjano kiasi gani kwa fahali mmoja, nazi ngapi, mchaichai upondwe vipi, kuni zipi zitoe moto upi. Alimfundisha aliyetaka na asiyetaka. Alimfundisha mwalimu wa shule na mgema utomvu wa mpira, mume na mke, hata wazee waliokuja tu kunywa kahawa. Aliwakaripia kwa usawa. Na kila karai lilipoiva alisimama akapaza sauti, "Karai la moto?" na banda zima, kuanzia wapepea moto hadi waosha sahani, liliitika, "Halifunikwi!" Watu walimsifu kwa ukarimu. Walisema Mak Napsiah, yaani Mama Napsiah, amekifanya kijiji kuwa jiko moja, kwamba watu wasiosalimiana kwa mambo ya siasa hukutana kwake wakashika mwiko mmoja. Ilikuwa kweli. Lakini yeye hakukusudia ukarimu. Kila jambo alilolifundisha alilihesabu kuwa kipande alichokimega kutoka kwa mzee, na alimega kwa utaratibu, bila haraka, hadi Tok Jais akabaki mtu ambaye hakuna anayemhitaji. Baada ya miaka mitano mzee hakuletewa tena tambuu na yeyote; zilipelekwa kwa Napsiah, ambaye, kwa kuwa hakufunguliwa, alisimamia karamu kwa jina la banda la msikiti.

Yote hayo hayakumtosha. Alitaka jambo moja lisemwe, na kinywa cha kulisema kilikuwa kimoja.

*

Jumamosi, fahali walichinjwa asubuhi, na kufikia saa nane watu themanini walikuwa bandani nyuma ya nyumba ya Halijah. Napsiah aligawa kazi akiwa amesimama juu ya kreti. Ruzita, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa mkono wake wa kulia kwa miaka tisa, alipewa karai la nyama. Seman mwenye tumbo alipewa moto.

"Seman, leo moto usiuchekee. Wiki iliyopita ulituunguzia wali."

"Mak, ule wali haukuungua. Ulivaa koti."

"Leo usivae kitu."

Tok Jais alifika akiwa na kanzu safi na kofia nyeusi, akatafuta kiti cha heshima. Napsiah alimwonyesha kigoda kifupi karibu na karai, kando ya Mak Joyah, mjane wa miaka sabini ambaye hakupata kupewa kazi nyingine tangu aanze kuja. Kisha akampa kisu.

"Tok, vitunguu."

Kazi ya mpishi mkuu haikataliwi, na Tok Jais ndiye aliyeisimamia sheria hiyo kwa ukali kuliko mwingine yeyote. Alikishika kisu.

"Karibu kwetu, Tok," alisema Mak Joyah, akimsogezea kikapu. "Huku kila mtu analia, wala hatuulizani sababu."

"Nyamaza, Joyah, umenye."

"Namenya. Wewe je? Mbona unakikata kama unakitahiri?"

Kicheko kilizunguka banda, kikafika hadi kwenye mapipa ya maji. Napsiah hakucheka. Alirudi kwenye viungo vyake. Alikuwa na utulivu wa mtu aliyetega mtego na kuupima kwa mguu wake mwenyewe: mzee akisema "liache," atatiiwa mbele ya kijiji kizima, uongo kwamba Napsiah hasikii utaanguka, na ataulizwa siku ile alisema nini hasa; na hawezi kusema "funika," kwa kuwa harusi ni ya mjukuu wake. Hakukuwa na mlango wa tatu. Alikuwa ameutafuta kwa miaka mingi ili auzibe, hakuuona.

Nyama ilikorogwa tangu saa nane hadi kumi na moja na nusu. Tui liliingia, likachemka, likashuka. Nazi iliyokaangwa kavu na kupondwa iliingia mwisho, na mchuzi ukageuka kutoka manjano kuwa rangi ya mti wa mninga. Mafuta yalijitenga pembeni. Ruzita aliuinua mwiko wake mrefu, akaunusa, akamtazama Napsiah.

"Tayari, Mak."

Seman aliziburuta kuni nje ya meko. Watu walisubiri ile sauti waliyoizoea. Haikuja. Napsiah alivua aproni, akanawa mikono hadi viwiko, akatoa chini ya meza sinia la tambuu lililofunikwa kitambaa cheupe. Akaenda nalo hadi kwenye kigoda cha Tok Jais, akapiga magoti juu ya maganda ya vitunguu.

"Mwalimu," alisema, kwa sauti ya kuwafikia waosha sahani. "Mimi ni Napsiah. Nilikuwa mwanafunzi wako miaka sita, hukunifungua. Nyama ya harusi ya mjukuu wako imeiva, na inalala hadi kesho. Nakuuliza kama nilivyokuuliza siku ya harusi ya Kamsiah. Nilifunike au niliache?"

Wote waliozidi miaka arobaini walielewa mara moja. Waliobaki walielewa kwa kuzitazama nyuso za wale.

Tok Jais alikimenya kitunguu alichokishika hadi kikaisha. Alipoinua uso, Napsiah aliona jambo ambalo hakulipima. Mzee alikuwa anatabasamu.

"Funika," alisema. "Funika vizuri. Bana pembeni."

Hapo ndipo Napsiah alipouona mlango wa tatu. Mzee alikuwa na yakini kwamba yeye hatathubutu kuiharibu nyama ya watu mia saba. Ataacha karai wazi, na kijiji kizima kitakuwa kimemwona, kwa macho yake, akikataa agizo la mwalimu. Na ule uongo wa miaka thelathini na mmoja, kwamba msichana huyu hasikii, utakuwa umepata mashahidi themanini. Harusi itapona na mzee atapona pamoja nayo.

Aliwaza juu ya Izyan, aliyekuwa chumbani na hina vidoleni. Aliwaza juu ya fahali wawili, na wakwe watakaotoka Rembau. Akawaza juu ya Kamsiah akisukuma sahani kando mezani, akisema, "Nisamehe, dada, nimeshiba." Alivipima vyote, na vyote vikawa vyepesi mbele ya sahani ile.

"Leteni vifuniko," alisema.

Hakuna aliyekwenda.

"Ruzita. Vifuniko."

Ruzita alikuwa amesimama kati yake na karai, mwiko mkononi kama askari wa lango.

"Hapana, Mak."

"Nimesema lete vifuniko."

"Nimesikia. Nakusikia mwaka wa tisa huu. Uliniambia karai la moto halifunikwi hata aje sultani aseme lifunikwe. Hukuniambia ila akisema mwalimu wako."

"Na mimi hivyo vifuniko nimevikalia," alisema Seman kutoka upande wa kuni. "Na sinyanyuki. Miguu imekufa ganzi. Mkitaka, mnifunike mimi."

Mmoja alicheka, wa pili akamnyamazisha. Ndipo Mak Joyah alipoweka kisu chini, akajipangusa machozi ya vitunguu kwa kiganja, akamgeukia jirani yake wa kigodani.

"Hebu nieleweshe, Tok. Mimi hilo karai sijawahi kulisogelea. Ni vitunguu tu, mwaka wa ishirini huu. Lakini hata mimi najua. Ya moto ukiifunika, jasho linapanda, linarudi chini, tui linachacha. Siyo? Watoto wa shule wanajua hapa. Wewe umepikia vijiji vitano. Wewe hujui?"

Aliuliza kwa nia safi kabisa. Na kwa kuwa nia ilikuwa safi, swali halikuwa na pa kukwepea. Asiyejua hilo hakupata kuwa mpishi siku yoyote ya maisha yake. Na kama alijua, basi agizo la leo, na la siku ile, lilikuwa la makusudi. Tok Jais alizungusha macho bandani akitafuta uso mmoja usiojua, mmoja tu wa kumsimamia. Hakuupata. Napsiah alikuwa amefundisha wote.

Halijah alitoka upande wa sahani, mikono ikichuruzika maji.

"Baba. Unataka harusi ya Izyan ichache?"

"Hayakuhusu haya, Halijah."

"Yananihusu! Siku ya Kamsiah nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilikuwa naosha sahani palepale. Nilimsikia Mak Napsiah akikuuliza. Jibu lako sikulisikia, maji yalikuwa yanamwagika. Miaka yote hii najiambia ulimjibu aliache." Alimsogelea hadi kigodani. "Ulimjibu nini, baba?"

Mzee alikigeuza kisu mkononi. Tabasamu lilikuwa limeondoka, na bila hilo uso wake ulionekana mdogo.

"Nilimwambia afunike."

Banda zima lilisikia. Hata kuni zilizovutwa nje zilikuwa zimeacha kupasuka.

"Kwa nini?" aliuliza Halijah.

"Kwa sababu hata mimi nilifunikishwa!" Aliinuka, akashika nguzo. "Mnadhani mimi nilifundishwa kwa ubao? Aliyenifundisha aliniambia funika, nikafunika, ikachacha, nikachekwa vijiji vitano. Nikaumia, nikatafuta, nikajua mwenyewe. Ndivyo ufundi ulivyokuwa ukiingia mwilini. Kila mpishi ana karai lake moja lililochacha. Ningemweleza baadaye. Angerudi kuniuliza, ningemweleza. Hakurudi."

Napsiah alikuwa bado amepiga magoti. Jambo hilo hakulijua, na kwa kitambo kidogo alimwona kijana mmoja wa zamani mbele ya karai lenye povu, akichekwa. Alimtazama kijana huyo kwa makini. Kisha akamwacha alipokuwa.

"Ulipochekwa wewe," alisema, "mwalimu wako alisema una mkono mchachu?"

Tok Jais aliegemea nguzo.

"Alisema alikuambia uliache wazi?"

Alikiweka kisu kikapuni.

"Basi usimsingizie. Yeye alikufundisha vibaya. Wewe hukunifundisha, ulinizika. Na harusi ya Kamsiah haikuwa chungu cha kujifunzia."

Mzee alishusha macho hadi kwenye sinia. Labda alitaka kuyamaliza, labda alitaka tu kukaa. Aliunyosha mkono wake uliokuwa ukinuka vitunguu, polepole, akichukue kile ambacho kwa miaka thelathini na mmoja alikataa kukichukua. Vidole vilikaribia jani la juu.

Napsiah alilivuta sinia.

Alisimama, akapangusa maganda magotini, akamwendea Ruzita. "Weka mwiko. Lishike hili." Ruzita alilipokea sinia bila kuelewa. Napsiah akachukua jani kutoka humo, akalikunja, akalitia kinywani, akatafuna mbele ya wote. "Mkono huu nimeufungua," alisema. "Kuanzia leo asimamie karamu kwa jina lake."

Kisha akaligeukia banda, na sauti ikawa ile ya siku zote.

"Karai la moto?"

"Halifunikwi!" waliitika watu themanini, na katika hao Napsiah aliisikia waziwazi sauti ya Halijah.

Walitandaza chandarua juu ya karai kuzuia nzi, hewa ipite. Watu walipoanza kuaga, Ruzita alimfuata mpishi mkuu kwenye pipa la maji.

"Mak. Ungefunika kweli?"

"Ningefunika."

"Basi leo nimekuogopa."

"Umefanya vizuri kuniogopa," alisema Napsiah. "Na bado ukakataa. Ndiyo maana nimekufungua."

*

Jumapili nyama ilikuwa salama. Wakwe wa Rembau walikula, wakaongeza, wakaulizia jina la mpishi, na Seman akawatajia majina themanini, la kwake likiwa la kwanza. Izyan aliketi karibu na bwana harusi akiwa hajui kitu, au akijifanya hajui.

Ipo desturi ambayo Napsiah hakuwahi kuitimiza tangu arudi kutoka Seremban. Sahani ya kwanza inayotoka kwenye karai hupelekwa kwa mwalimu wa mpishi. Kwa miaka ishirini na mitatu sahani hiyo haikutoka, na watu walijifunza kutoiulizia. Siku hiyo aliipakua mwenyewe: wali mweupe, vipande vinne vya nyama vilivyochaguliwa, mchuzi mzito juu yake. Moshi ulipanda. Akachukua kifuniko cha bati kilichoenea sahani sawasawa, akakibana.

Tok Jais alikuwa ameketi peke yake kwenye ukingo wa baraza. Waliokuwa karibu naye walikuwa wamekumbuka shughuli kwingine. Napsiah alivuka uwanja na sahani mikononi, na meza alizozipita zilinyamaza moja baada ya nyingine, hadi ikasikika ngoma tu, kisha wapiga ngoma nao wakageuza shingo. Akaiweka mbele ya mzee kwa mikono miwili, kwa adabu kamili.

Mzee alikitazama kifuniko kwa muda mrefu. Akakiinua. Jasho lilikuwa limejikusanya upande wa ndani. Lilitiririka hadi ukingoni, likadondoka tone baada ya tone juu ya nyama. Alichukua kipande kwa vidole, akakinusa kama alivyokuwa akinusa zamani nyuma ya shuka yake, akakitia kinywani, akatafuna.

"Haijachacha," alisema.

"Bado," alisema Napsiah. "Kula upesi."

Akabaki amesimama hapohapo hadi sahani ikawa tupu.